Sauti ya mgonjwa wa kiharusi inafifia akikalishwa kwenye kiti: turekebishe nini?

Swali

"Baba yangu ana miaka 66. Miezi 8 iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukadhoofika. Anaelewa kila kitu na maneno anayapata, ila ulimi ni mzito na sauti imekuwa ndogo. Asubuhi akiwa kitandani, tumemwinua kwa mito, tunamsikia hata tukiwa mlangoni. Tukimhamishia kwenye kiti cha magurudumu, baada ya muda mfupi sauti inabaki mnong'ono, na maneno ya mwisho hayasikiki kabisa. Je, kukaa kunamdhuru? Tumwache awe anaongea akiwa amelala? Na kuna jirani aliyevunjika shingo kwenye ajali. Yeye hufungwa mkanda mpana tumboni na sauti yake imepata nguvu. Tumfunge baba pia? – Binti yake"

Jibu

Pole kwa kuuguza, dada. Ulichokiona ni cha kweli na kitawasaidia sana wanaomtibu baba. Kukaa hakumdhuru, na msimrudishe kitandani kwa ajili ya kuongea. Kwa dalili ulizozitaja, kinachomnyima sauti huenda ni namna anavyokaa: makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda, kiwiliwili kinaegemea upande dhaifu, pumzi inakosa nafasi. Hilo hurekebishika kwa sehemu kubwa, na marekebisho huanzia kwenye nyonga, si shingoni ambako wengi hukimbilia. Mkanda wa tumbo tutaufikia mwishoni, kwa sababu jibu lake linategemea mambo yatakayotangulia.

Kwa maelezo yako, baba ana disathria: misuli ya pumzi, ya koo, ya ulimi na ya midomo imepungukiwa nguvu au mpangilio. Matatizo ya usemi yanayompata mtu ukubwani ni mengi, lakini hili ndilo linaloguswa zaidi na mkao. Mwenye afasia, anayelitafuta neno asilipate, hatalipata kwa kunyooshwa mgongo, ingawa akikaa vizuri hatachoka upesi. Ni vema kulijua hilo mapema, maana familia nyingine huhangaika kubadilisha viti wakati tatizo ni la lugha.

Kwa nini maneno ya mwisho ndiyo yanayopotea

Sauti ni hewa inayosukumwa kutoka mapafuni na kupita katikati ya nyuzi mbili za sauti zilizokaribiana ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni. Kwa mazungumzo ya kawaida, hewa iliyo chini ya nyuzi hizo huhitaji mgandamizo wa sentimita 5 hadi 10 za maji, yaani nguvu ya kutosha kutoa mapovu kwenye mrija uliozamishwa kina hicho ndani ya maji. Nguvu yenyewe ni ndogo. Kazi ni kuishikilia bila kuyumba mpaka sentensi iishe.

Mtu mwenye afya aliyeketi wima, kabla ya kusema, hujaza mapafu hadi karibu asilimia 60 ya hewa anayoweza kuivuta na kuitoa kwa pumzi moja kamili. Huongea hadi inapobaki karibu asilimia 40, kisha huvuta tena. Ndani ya eneo hilo mapafu na mbavu vilivyotanuka hujirudi vyenyewe na kusukuma hewa nje, misuli ikibaki na kazi ya kuongoza tu. Akishuka chini ya hapo, kila silabi inadai misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu ibane. Sasa mchukue mzee aliyejikunja kitini: mbavu za chini zimekaribia nyonga, tumbo limebanwa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hakina pa kushukia. Anaanza sentensi na hewa kidogo na kuifikia sehemu ngumu mapema, ilhali misuli inayohitajika hapo ndiyo iliyodhoofishwa na kiharusi. Neno la kwanza linatoka, la tatu linapungua, la sita halisikiki.

Kisha kuna uzito wa viungo vya tumboni. Mtu akiketi, viungo hivyo huvutwa chini, kiwambo hushuka, na kuvuta pumzi huwa kwepesi. Misuli ya tumbo nayo lazima ilizuie tumbo lisitokeze sana, ndipo kiwambo kipate pa kuegemea. Akilala chali, viungo hivyo husukuma kiwambo kuelekea kifuani: kutoa pumzi kunapata msaada, kuvuta kunapata upinzani. Kwa hiyo aliyedhoofika misuli ya kutoa pumzi mara nyingi husikika vizuri akiwa amelala au ameegemea nyuma, na aliyedhoofika kiwambo husikika vizuri akiwa wima, akilala anahema. Hakuna mkao mmoja unaowafaa wote, na anayekuambia "nyoosha mgongo tu" hajauliza misuli ipi imebaki.

Kichwa nacho kina mchango wake. Kidevu kikining'inia kifuani, nafasi ya koo husongwa na sauti hutoka imezibwa. Kikiinuliwa juu mno, misuli ya mbele ya shingo inanyooshwa, zoloto linakosa uhuru, na sauti inakuwa ya kubana. Aliyejikunja kitini hana budi kuinua kidevu ili aone mbele, hivyo shingo yake inalipia kosa la nyonga. Ndiyo maana kuweka mto nyuma ya kichwa kabla ya kurekebisha makalio hakusaidii. Mara nyingi mto huo husukuma kichwa mbele zaidi.

Kwa nini kitandani anasikika

Kuna sababu nne zinazoweza kuwa zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kwamba kitandani godoro na mito vinabeba mwili wote, naye hatumii nguvu kujizuia asianguke. Kwa mtu mwenye kiwiliwili dhaifu, kukaa peke yake ni kazi, na misuli ya mbavu na tumbo inayojaribu kumshikilia wima ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kutoa sauti. Ya pili ni msaada wa viungo vya tumbo tuliousema. Ya tatu ni asubuhi yenyewe: amepumzika. Ya nne ni kaakaa laini, sehemu ya nyuma ya paa la kinywa. Likiwa limelegea, mgonjwa akiegemea nyuma, kaakaa hilo huvutwa na uzito wake kuelekea ukuta wa koo na kusaidia kuziba njia ya puani. Akiketi wima linaning'inia, hewa inavujia puani na sauti inapoteza nguvu.

Mnaweza kuzitenganisha nyumbani. Kwa siku 3 geuzeni ratiba: asubuhi asikilizwe akiwa kitini, jioni akiwa kitandani. Jioni kitandani sauti ikiwa nzuri bado, tatizo ni mkao. Ikiwa mbaya jioni hata kitandani, uchovu unahusika. Kwa kaakaa, mwambie aseme sentensi isiyo na sauti za puani, mfano "Kaka yuko hapa leo," mara moja pua ikiwa wazi na mara moja mkiwa mmeibana kwa vidole. Sauti ikiongezeka au maneno yakinyooka pua inapobanwa, hewa inavuja, na mtaalamu wa tiba ya usemi aambiwe. Kioo kidogo chini ya pua kikipata ukungu kwenye sentensi hiyo ni dalili ile ile.

Kuna jambo moja tusingependa lipite. Kiharusi cha upande mmoja wa ubongo kwa kawaida hakipoozeshi nyuzi za sauti, kwa kuwa misuli ya zoloto hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi cha shina la ubongo kinaweza kupoozesha uzi mmoja. Ikiwa sauti ya baba ni ya hewa tupu hata kitandani, au kikohozi chake hakina mlio mkali, aombewe daktari wa masikio, pua na koo aziangalie nyuzi hizo kwa kamera. Mkao hautafunga uzi uliopooza, ingawa wapo ambao sauti yao huimarika wakigeuza kichwa upande mmoja. Hilo hujaribiwa mbele ya mtaalamu kwa kugeuka kulia, kisha kushoto, huku akitoa "aaa".

Kurekebisha kiti, kuanzia chini

Mkalisheni, kisha mmoja wenu aingize viganja kwa nyuma, kati ya makalio na kiti, atafute mifupa miwili ya kukalia. Uzito unatakiwa uwe juu ya mifupa hiyo kwa usawa. Ukikuta amekalia sehemu ya chini ya uti wa mgongo, karibu na kitokono, na kuna nafasi kubwa kati ya nyonga na egemeo la mgongo, umeshampata mwizi wa pumzi. Mrudisheni nyuma mpaka makalio yaguse egemeo. Msimvute kwa kwapa. Bega la upande dhaifu huteguka kirahisi. Mtu mmoja asimame mbele, amwinamishe baba kwa mbele, naye baba asogeze kalio moja kisha jingine kurudi nyuma.

Akiteleza tena ndani ya dakika 10, kiti ndicho chenye kasoro. Viti vingi vya magurudumu vinavyokunjwa vina kitambaa cha kukalia ambacho hulegea na kubonyea katikati. Mapaja hukutana, nyonga inalala upande, mgongo unafuata. Wekeni ubao imara wa unene wa sentimita 1 hivi, kingo zake zikiwa zimefunikwa, kisha mto wa sifongo ngumu juu yake. Hapa ndipo wengi hukosea: ubao na mto vikimwinua sentimita 6 au 7, sehemu ya kuwekea miguu inabaki chini mno na viegemeo vya mikono vinabaki vifupi. Usipovirekebisha, atateleza mbele akitafuta pa kukanyaga, na mtasema mto haukusaidia.

Urefu wa kikalio ni jambo la pili. Akiwa amekaa nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole 2 hadi 3, karibu sentimita 3 hadi 5. Kikalio kikiwa kirefu kuliko hapo kinamgusa nyuma ya goti, naye anasogea mbele ili kujinasua. Kwa muda, jazeni nyuma ya mgongo kwa kitu kigumu kilicho bapa, chenye unene unaolingana na ziada hiyo.

Miguu ikanyage bapa. Pitisha kiganja chini ya paja karibu na goti: kipite kwa kuguswa kidogo. Kikipita bila kugusa chochote, miguu iko juu mno, nyonga inabinuka nyuma na tumbo linabanwa. Kikikwama, miguu iko chini mno. Kuwanyanyulia wagonjwa miguu hadi ikanyooka mbele huonekana ni kuwastarehesha, lakini misuli ya nyuma ya paja imeshikana na nyonga, na ikinyooshwa huivuta nyonga mbele moja kwa moja. Kama daktari ameagiza miguu iinuliwe kwa sababu ya uvimbe, ifanyike wakati wa kupumzika, si wakati wa mazungumzo.

Kisha tazameni usawa wa kulia na kushoto. Weka vidole gumba juu ya ncha mbili za mifupa ya nyonga upande wa mbele. Upande mmoja ukiwa chini na ukipanda unapousaidia kwa mkono, kunja taulo la unene wa sentimita 1 hadi 2 uliweke chini ya upande ulioshuka. Usipopanda hata kwa msaada, acheni. Umekakamaa, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kuamua ujazwe upande gani. Kuweka mito ya pembeni ya kifua kabla ya kusawazisha nyonga hugeuka kuwa kubana mbavu, na mbavu zilizobanwa hazitanuki.

Mkono wa kushoto usiachwe ukining'inia. Uzito wake huvuta bega na kiwiliwili kwenda kushoto na mbavu za upande huo hufungwa. Uwekwe juu ya mto au trei, kiwiko kikiwa mbele kidogo ya bega, kwa kimo ambacho bega halipandi kuelekea sikio wala halishuki. Bega lililosukumwa juu hufanya pumzi iwe ya kifua cha juu na shingo ikaze.

Egemeo la mgongo lililolegea hubonyea likawa kama bakuli. Taulo lililoviringishwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, likiwekwa usawa wa mkanda wa suruali, hurudisha mkunjo wa kawaida wa kiuno. Likiwekwa juu zaidi linamsukuma mbele. Pembe ya egemeo iwe nyuma kidogo ya wima, digrii 5 hadi 15. Akihitaji kuegemea zaidi, kiti kinachoinamishwa chote kwa pamoja ni bora kuliko kile kinacholaza egemeo peke yake, maana hicho cha pili humtelezesha na kumchuna ngozi.

Mkanda wa nyonga, kama upo, upite kwenye mkunjo wa paja kwa mteremko wa digrii 45 hadi 60. Ukipita juu ya tumbo unazuia pumzi, na mgonjwa akiteleza unaweza kupanda hadi kifuani na kumkaba.

Kichwa kinakuja mwisho: masikio juu ya mabega, kidevu sawa na sakafu. Nanyi msimame wapi? Wengi huongea na mzee aliye kwenye kiti wakiwa wima, au wakiwa nyuma wanamsukuma. Anayejibu hulazimika kuinua kidevu au kugeuza shingo. Vuteni kiti, mkae mbele yake, macho yenu yawe usawa wa macho yake. Marekebisho haya hayagharimu kitu na mara nyingine tofauti yake husikika papo hapo.

Pimeni, badilisheni kitu kimoja kimoja

Masikio ya anayempenda mgonjwa huzoea, kwa hiyo pimeni. Simu iwe sentimita 30 kutoka kinywani, chumba kiwe kimya, saa iwe ile ile. Rekodini "aaa" ndefu kadiri awezavyo kwa pumzi moja, mara 3 kwa kupumzika kati yake, mkaandika sekunde za kila moja. Kisha ahesabu kuanzia 1 kwa pumzi moja, muandike namba ya mwisho iliyosikika. Kisha sentensi 10 fupi ambazo msikilizaji hazijui. Mtu wa nje ya chumba asikilize rekodi na aandike alichosikia. Kipimo hiki cha mwisho ndicho tunachokithamini zaidi, kwa sababu lengo ni kueleweka. Programu za simu za kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, si sahihi kwa kiwango cha hospitali, lakini simu ile ile kwa umbali ule ule inatosha kulinganisha. Tofauti ya desibeli 1 au 2 msiitilie maanani. Ikifika 5, kila mtu ataisikia.

Fanyeni hivyo kitandani, kitini kabla ya marekebisho, na kitini baada ya kila badiliko. Mkibadilisha mto, miguu na egemeo siku moja, hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Kuna pia kipimo cha mrija, ambacho wataalamu hukitumia tangu miaka ya 1980: mrija hufungwa kando ya glasi ndefu ukiwa umezama sentimita 5, na mgonjwa hutoa mapovu mfululizo kwa sekunde 5. Akiweza, pumzi yake inatosha kwa mazungumzo ya kawaida na kasoro itafutwe kwingine. Kwa baba tunapendelea kifanywe na mtaalamu. Mdomo wenye upande dhaifu huvujisha hewa na kutoa jibu la uongo, mashavu yanaweza kusukuma hewa badala ya mapafu, na mwenye shida ya kumeza akivuta badala ya kupuliza, maji huenda njia ya hewa.

Akishakaa vizuri, aongee vipi

Mkao unampa hewa. Bado lazima aitumie. Avute pumzi ndefu kidogo kuliko mazoea, kisha aanze kusema papo hapo. Wengi huvuta vizuri, wakatulia, hewa ikatoka bure, ndipo wakaanza. Apasue sentensi katika vipande vya maneno 4 hadi 6 na avute tena kabla hajaishiwa, si baada ya kuishiwa. Mkimwona mabega yanapanda au shingo inakaza mwishoni mwa kipande, kipande hicho ni kirefu.

Kusukuma viegemeo vya mikono wakati wa kutoa sauti husaidia baadhi ya wenye nyuzi dhaifu kuzifunga. Kwa sauti ya kukwaruza na kubana huzidisha ubaya, na kwa aliyepata kiharusi kubana pumzi huku akisukuma hupandisha shinikizo la damu. Lisifanywe bila maelekezo ya mtaalamu wa usemi.

Pangeni mazungumzo yawe mwanzoni mwa kikao. Kama sauti yake hudumu dakika 20, simu na wageni viwe ndani ya dakika hizo, na televisheni izimwe. Kushindana na kelele humaliza pumzi. Kila nusu saa ainamishwe mbele au pembeni kwa dakika 2 hivi ili ngozi ya makalio ipate damu, maana mkao mzuri ukizidishwa bila kubadilishwa huzaa vidonda. Baada ya mlo abaki wima dakika 30, na vipimo vya sauti vifanywe kabla ya kula: tumbo lililojaa hukizuia kiwambo. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, hilo si la mkao; ni chakula au mate yaliyobaki kooni, apimwe kumeza.

Sauti ikibadilika ghafla, mdomo ukipinda upya au mkono ukizidi kulegea, hayo ni ya hospitali saa hiyo hiyo, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Mlio wa kukoroma wakati wa kuvuta pumzi akiwa macho nao hausubiri.

Sasa mkanda wa jirani

Jirani yenu aliumia uti wa mgongo shingoni. Kiwambo hupata amri kupitia mishipa ya fahamu ya shingo ya 3, 4 na 5, na kwa wengi walioumia chini ya hapo kinaendelea kufanya kazi. Misuli ya tumbo ndiyo iliyopooza. Akiketi, tumbo lake hutokeza, kiwambo kinashuka na kubaki bapa, na kiwambo bapa hakina umbali wa kusafiri. Ndiyo sababu watu wa aina yake mara nyingi huwa na pumzi kubwa wakilala kuliko wakiketi. Mkanda hulirudisha tumbo ndani, kiwambo kinapanda mahali pake pa kuanzia, na sauti inapata hewa. Hata hivyo hufungwa kuanzia juu ya mifupa ya nyonga hadi chini tu ya mbavu, hauzilalii mbavu, na ngozi hukaguliwa kila unapofunguliwa kwa kuwa mwenyewe hahisi maumivu.

Kwa mwenye ugonjwa unaodhoofisha kiwambo chenyewe, kama ule wa kufa kwa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, mkanda huo huo unaweza kumzuia kuvuta pumzi, naye akilala chali huhema. Kwa mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza na kutetemesha mwili, tumbo halijapooza. Shida yake ni kujikunja pamoja na kutotambua kwamba anaongea kwa sauti ndogo, na dawa yake ya sauti ni mazoezi ya kuongea kwa nguvu, mkao ukiwa msingi wa kuanzia. Mwenye kuyumba kwa sababu ya madhara ya ubongo wa nyuma hunufaika zaidi na viwiko vilivyoegemezwa mezani na kiwiliwili kilichoshikiliwa pande zote mbili, maana mtetemo wa mwili huingia kwenye sauti.

Baba ana upande mmoja wa tumbo unaofanya kazi, kwa hiyo tusingeanza na mkanda. Kwanza kiti kirekebishwe na vipimo vifanyike kwa wiki 2. Sauti ikibaki ndogo, mwombeni mtaalamu wa usemi na wa fiziotherapia wamjaribu pamoja: kiganja bapa kiwekwe juu ya kitovu, mgonjwa avute pumzi bila kuzuiwa, kisha kiganja kisukume taratibu ndani na juu anapotoa "aaa". Jaribio hili lisifanywe baada ya kula, wala kwa mwenye henia, kidonda cha upasuaji au mpira wa kulishia tumboni. Sekunde na sauti zikiongezeka wazi, mkanda au trei ya kuinamia wakati wa kuongea vina sababu ya kujaribiwa. Zisipoongezeka, mkanda utamletea joto na usumbufu bure, na pesa yake ni afadhali iende kwenye ubao na mto wa kiti.